Kuziba na kuzima

Kuna mzee mmoja wa Kilifi ambaye sijapata kuonana naye, lakini sauti yake naijua kuliko za baadhi ya jamaa zangu. Najua anavyokohoa kabla ya kutaja pesa. Najua kwamba akikaribia mwisho wa sentensi sauti humshuka, humshuka, mpaka neno la mwisho, ambalo mara nyingi ndilo lenye habari yote, likabaki kooni. Dakika 94 za mzee huyu akieleza habari za mikorosho zilinikalia juma zima mwaka juzi, na yeye ndiye aliyenitia katika mambo ya hedifoni.

Kazi yangu ni kuandika yaliyosemwa. Watafiti huenda mashinani na kinasa sauti, wakahoji watu, kisha wakaniletea mimi nisikilize na kuandika neno kwa neno. Naifanyia nyumbani, Majengo ya Mombasa, katika chumba kinachotazama barabara. Chini yetu pana duka lenye jenereta. Mkabala pana fundi seremala na msumeno wake wa umeme. Stima zikipotea, fundi hunyamaza na jenereta huanza. Stima zikirudi, jenereta hunyamaza na fundi huanza. Hata dua ya kuomba siijui.

Wakati huo nilikuwa na iafoni zile zinazokuja na simu, za plastiki tupu bila mpira, zinazokaa mlangoni mwa sikio kama mgeni ambaye hajaambiwa karibu ndani. Juma lile lilipokwisha mzee bado alikuwa na dakika ishirini hivi zilizobaki, na mimi nilikuwa na safari ya Nairobi kukabidhi kazi. Nikajiambia, nitamalizia angani.

Ndege ilikuwa ya rafadha, yale mapanga yanayozunguka nje ubawani, zile zenye mbawa juu ya madirisha, na kiti changu kilikuwa dirishani, sambamba na rafadha yenyewe. Safari haikufika hata saa moja. Lakini katika dakika kumi za kwanza nilikuwa nimeshapandisha sauti mpaka juu kabisa. Simu ikaleta onyo, nami nikalikubali kama tunavyokubali masharti yote ya simu, bila kusoma. Mzee wa korosho akawa anaunguruma ndani ya kichwa changu, na neno la mwisho bado sikulipata. Niliposhuka, masikio yalikuwa yakilia nziii. Yakalia kwenye teksi, yakalia nikila chakula cha usiku, yakalia nikiwa nimelala kitandani katika chumba kilichokuwa kimya kabisa. Asubuhi ya pili ndiyo yaliponyamaza.

Mlio ule ulinitia adabu. Sikio ndiyo jembe langu. Likivunjika sina shamba.

Nikaanza kusoma. Ndani ya ndege ya abiria ikiwa imeshatulia juu, kelele, ikipimwa kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, huwa kiasi cha 80 hadi 85, na nyingine hupita hapo. Desibeli hazihesabiki kama shilingi. Ukiongeza 3 tu, nguvu ya sauti imekuwa maradufu. Ukiongeza 10, imekuwa mara kumi. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya ya wafanyakazi, NIOSH, inashauri mtu asizidishe saa 8 kwa siku penye desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda huo ukatwe nusu: penye 88 ni saa 4, penye 91 ni saa 2, penye 94 ni saa moja. Sasa nipigie hesabu mimi. Ili nimsikie mzee anayenong'ona, juu ya kelele ya 85, kwa iafoni zisizozuia kitu, lazima nimpandishe mpaka 95 hivi. Hapo haki yangu ya siku nzima ni dakika 47, na bado sijapanda matatu ya kurudi nyumbani.

Kumbe nilichokuwa nakitafuta ni kimya. Sauti nilikuwa nayo tayari, tena ya kutosha na kubaki.

Basi nikateremka mjini, kwenye yale maduka ya simu yaliyobanana, nikamwambia kijana wa duka nataka hedifoni ya kunyamazisha kelele. Akanitolea moja kubwa, nyeusi, imekaa ndani ya sanduku zuri lenye jina la kampuni ambayo hata asiyejua hedifoni analijua. "Hii, dadangu, ukiivaa hata adhana huisikii."

Nikamwambia astaghfirullah, adhana naitaka, msumeno ndio siutaki. Akacheka, mimi nikacheka, nikatoa shilingi 2,500 nikaondoka. Kwa jina kubwa kama lile, bei ndogo hivyo ingenifungua macho, lakini nilikuwa nimeshacheka.

Nyumbani nikabonyeza kitufe. Taa ya buluu ikawaka, mwanamke wa Kiingereza akatangaza ndani ya hedifoni kwamba sasa kelele zimezimwa. Msumeno ukaendelea kukata mbao kama kawaida, ila sasa kulikuwa na shhhh nyembamba juu yake, kama mtu anayekaanga bamia mbali. Mdogo wangu, ambaye hutengeneza redio za magari, akaitwaa, akaivaa, akaivua, akasema, "Dada, hapa umenunua taa."

Yeye ndiye aliyenifundisha jaribio ambalo tangu siku hiyo silinunui dude la masikioni bila kulifanya. Nenda pale jenereta inapounguruma, au simama karibu na feni kubwa au mashine ya baridi ya dukani. Vaa hedifoni bila muziki wowote. Hapo tayari kelele imepungua kidogo kwa sababu umefunika masikio. Sasa washa kitufe. Kama ni ya kweli, mngurumo wa chini hukupwa kama bahari, ghafla unaona mchanga: zinabaki zile sauti za juu, vyuma vikigongana, mtu akiita, ufunguo ukianguka, zote nyembamba kana kwamba zinatoka kwenye redio ndogo. Zima, maji yanajaa tena. Kama hakuna kupwa wala kujaa, rudisha sandukuni. Muuzaji akikukatalia kujaribu, hilo nalo ni jibu.

Hapa pana maneno mawili ambayo watu huyachanganya, na kuchanganyikiwa huko ndiko kunakouza hedifoni bandia. Kuna kuziba na kuna kuzima.

Kuziba ni kazi ya mpira, sponji na ngozi. Unaweka ukuta kati ya sikio na dunia, basi. Hakuhitaji betri. Kuzima ni kazi ya umeme. Sauti ni wimbi la hewa, linapanda na kushuka. Maiki ndogo iliyo kwenye hedifoni hulisikia wimbi linalokuja, na kompyuta iliyomo ndani huunda wimbi la kinyume chake, linaloshuka pale lile linapopanda. Yakikutana, yanamalizana. Wazo lenyewe ni la zamani: Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake ya Marekani mwaka 1936, wakati ambapo hapakuwa na mashine ya kulifanya lifae kitu. Mwaka 1978 Amar Bose, mhandisi na mwalimu wa chuo kikuu cha MIT, alikuwa ndani ya ndege kutoka Zurich kurudi Boston. Akapewa hedifoni za ndege, akazivaa, akaona kelele inameza muziki. Wengi wetu tungelalamika tukalala. Yeye alitoa karatasi akaanza kupiga hesabu, na aliposhuka alikuwa ameshajua njia. Ilichukua miaka. Mwaka 1986 marubani Dick Rutan na Jeana Yeager walipoizunguka dunia kwa ndege ya Voyager bila kutua wala kuongeza mafuta, siku tisa, walikuwa na hedifoni za majaribio za kampuni yake. Za marubani zikaanza kuuzwa 1989. Za abiria wa kawaida, kama mimi na wewe, zilikuja mwaka 2000.

Jambo ambalo sanduku halikwambii ni kwamba kuzima kunafaa kwa mngurumo tu. Wimbi la sauti ya chini ni refu na linajirudia vile vile, kwa hivyo mashine ina nafasi ya kuliwahi. La sauti ya juu ni fupi, linabadilika haraka. Ukilichelewa kidogo tu, wimbi lako la kinyume linafika mahali pasipo pake na kelele inaongezeka. Kwa makadirio, kuzima kunatawala chini ya mitetemo 1,000 kwa sekunde. Juu ya hapo kazi yote inarudi kwa mpira na sponji.

Ile ndege yangu ya rafadha nilikuja kuijua baadaye kuwa ni ya aina ya Dash 8-400, na hesabu yake ilinifurahisha hata nikaiandika ukutani. Kila rafadha ina mapanga sita. Ikiwa angani imetulia, huzunguka kama mara 850 kwa dakika. Sita mara 850, gawa kwa 60: mapigo 85 kila sekunde. Huo ndio ule mvumo unaokaa kifuani. Wimbi lake moja lina urefu wa mita 4, karibu chumba changu kizima, na sponji yoyote ya sentimita mbili mbele yake ni kama chandarua mbele ya upepo. Hapo ndipo kuzima kunapostahili pesa zake. Waundaji wenyewe walilijua hilo: walitia ndani ya ndege mfumo wa kupinga mtetemo kwa mtetemo, na Q ya jina lake la Q400 ni ya "quiet", yaani kimya. Nafikiri walipima kwenye viti vya nyuma. Ukiweza kuchagua kiti, kaa mbali na rafadha. Hiyo ni hedifoni ya bure.

Lakini mtoto anayelia nyuma yako? Analia juu, na sehemu kubwa ya kilio chake iko kwenye mitetemo elfu na zaidi. Hedifoni ya bei kubwa ikizima mngurumo wote, mtoto unamsikia vizuri zaidi, maana umemwondolea pazia. Nimewahi kusafiri saa tano na kidogo kwenda Dubai, kwa dadangu, na mtoto mmoja mzuri wa watu aliyekuwa na meno yanaota. Naongea kwa ushahidi.

Nirudi kwa kuziba, maana ndiko nilikoanzia baada ya kuzika lile taa langu. Sikuwa na pesa za hedifoni ya kweli. Mdogo wangu akaniletea iafoni za waya zenye mpira unaoingia ndani ya tundu la sikio, pamoja na pakiti ya vifuniko vya sponji. Fikra hii ina wenyewe: kampuni ya Etymotic ya Marekani ilitoa iafoni za namna hiyo, ER-4, mwaka 1991, na za aina hiyo zikikaa sawasawa hupunguza desibeli 35 na zaidi, bila betri hata moja. Zangu hazikuwa Etymotic. Ila namna ya kuzivaa ni moja, na ndiyo watu wengi wanayoikosea.

Finyanga kile kisponji kati ya vidole mpaka kiwe chembamba kama utambi. Pitisha mkono wa kushoto juu ya kichwa, shika sikio la kulia kwa juu, livute juu na nyuma, tundu linanyooka. Ingiza kwa mkono wa kulia, ushikilie. Hesabu mpaka ishirini sponji ivimbe. Utaisikia dunia ikirudi nyuma polepole, fundi, jenereta, muuza maji na mkokoteni wake, kila mmoja akienda zake. Kisha sema "mama" kwa sauti ya kawaida. Neno likivuma kichwani mwako kana kwamba umo ndani ya mtungi, umeziba. Likisikika kama kawaida, kuna ufa. Toa, anza upya, au chukua saizi nyingine. Masikio yangu mawili hayatoshani, la kushoto linataka kubwa na la kulia la kati, na nilipita miezi nikilaumu iafoni kwa kosa la sikio.

Kasoro zake zipo. Waya ukigusa nguo, unasikia kama panya darini. Ukitafuna, unajitafuna masikioni. Sikushauri kula kashata umezivaa. Lakini siku ile ya kwanza nilimfungulia mzee wa korosho, sauti ikiwa nusu tu, jenereta inaunguruma chini, nikalisikia neno lake la mwisho. Alikuwa akieleza bei aliyopewa na mnunuzi. Neno lilikuwa "mavi". Nikaliandika kama lilivyo.

Sasa jambo ambalo wanaume wanaoandika mambo haya hawafiki: mtandio. Hedifoni kubwa ya kufunika sikio huwa inataka kukaa juu ya ngozi, duara zima, bila upenyo. Ukiivaa juu ya mtandio, kitambaa kinaacha njia ndogo ya hewa pande zote, na ni sauti za chini ndizo zinazopita humo kwa wingi, zile zile ambazo ulilipia zizimwe. Miwani hufanya hivyo hivyo kwa ile mikono yake, kwa kiasi kidogo. Nilijaribu juu ya mtandio wa pamba mnene, kisha juu ya shifoni, kisha chini ya mtandio kabisa. Shifoni ilikuwa afadhali. Chini ya mtandio ndiyo sawa kabisa kwa sauti, lakini kwenye kioo nilionekana kama niliyebeba vikombe viwili vya kahawa kichwani, na vitufe ukivitaka lazima ujipapase mbele za watu. Kwa mwenye mtandio, na kwa mwenye miwani ya mkono mpana, iafoni za ndani ya sikio ndizo, iwe za waya au zile ndogo zisizo na waya zenye kuziba na kuzima pamoja, kama zile AirPods Pro zilizotoka 2019 na wengi waliozifuata. Duara la mpira liko ndani ya sikio, halina habari na kitambaa.

Na jasho. Watu wanaopima hedifoni huko kwenye baridi hawaijui kaskazi. Mwezi wa Januari hapa Mombasa, saa nane mchana, funika masikio yako kwa ngozi bandia na sponji dakika thelathini, kisha fungua: utakamua. Ile ngozi bandia haipendani na unyevu. Hedifoni yangu ya kwanza ya kweli, ambayo dadangu aliniletea kutoka Dubai na ambayo kampuni yake naiachia sitara, haikumaliza kaskazi ya pili. Ngozi ilianza kuchubuka ukingoni, vipande vidogo vyeusi kama majani ya chai, na nilikuwa naviona shavuni mwangu baada ya mkutano, si kabla. Ukichagua hedifoni ya kukaa nayo pwani, uliza swali moja kabla ya kuuliza habari za muziki: je, mito ya masikio inatoka na kubadilishwa? Ikiwa imegandishwa kwa gundi, unanunua kitu cha misimu miwili. Mingi ya siku hizi inabanduliwa kwa ukucha, na mito ya akiba inauzwa. Ukimaliza kuivaa, ifute kwa kitambaa kikavu na uiache wazi ipunge hewa. Ukiifungia kwenye mfuko wake ingali na jasho unaipika.

Kwa upande wa feri, nina neno moja: upepo. Kuzima kunategemea maiki zilizo nje, na upepo ukizipiga zinadhani ni kelele ya kuzimwa. Siku moja ya kusi nilikuwa nimesimama ubavuni mwa feri kutoka Likoni, hedifoni kichwani, nikawa nasikia dhoruba ambayo haikuwapo. Nilipozima kitufe, bahari ilikuwa shwari na wanafunzi walikuwa wakicheka. Kwenye matatu nako hakuna faida kubwa, kwa kuwa kelele ya matatu ni makanga, honi na muziki wa dereva, vitu vya kubadilika kila dakika. Mngurumo wa injini utaondoka na makanga utamsikia zaidi. Kuziba kunasaidia, lakini wacha sikio moja wazi la kusikia "Buxton, wanaoshuka!"

Barabarani mimi siku hizi sivai kitu. Niliwahi kuvuka Digo Road nikiwa nimeziba vizuri kama nilivyofundishwa, na tuktuk ikapita mbele ya vidole vyangu vya miguu nisiisikie hata kidogo. Niliona tu mdomo wa dereva ukifunguka na kufumba. Sikujua alichoniambia na nashukuru. Nyingi za siku hizi zina kitufe cha kupitisha sauti za nje. Ni kitufe kizuri kwa mhudumu wa ndege anayeuliza chai au kahawa. Kwa Digo Road, vua.

Dadangu aliponiuliza aninunulie ipi, hiyo ya pili baada ya ngozi kunyambuka, nilijikuta najihoji mwenyewe kama daktari. Unasafiri mara ngapi? Kelele yako inaunguruma au inapiga kelele? Unavaa nini kichwani? Unatoka jasho? Maana tangu Sony walipotoa MDR-1000X mwaka 2016 na kuendelea na zile za 1000XM, na Bose wakiwa na QuietComfort zao, tofauti kati ya zile za juu imekuwa ndogo kuliko tofauti kati ya hedifoni iliyokaa vizuri kichwani na iliyokaa vibaya. Kwa safari ndefu za ndege, kubwa ya kufunika sikio bado ndiyo raha: betri inadumu, masikio hayaumi baada ya saa nne, na mngurumo inauweza. Kwa kazi ya kila siku Majengo, iafoni zangu za waya na vile visponji. Sioni haya kusema kwamba kitu cha bei ndogo kimenifaa siku nyingi zaidi. Mdogo wangu naye hapatani na kuzima. Akivaa anahisi masikio yamebanwa kama mtu aliyepiga mbizi, hana muda wa kuzoea, akanirudishia. Vaa nusu saa kabla ya kulipa, ukipewa nafasi.

Mengine ya ndege ni madogo ila yanauma ukiyasahau. Chukua waya hata kama hedifoni yako ni ya Bluetooth, maana skrini za viti vingi bado zinataka waya, na ndege nyingine za zamani zina matundu mawili, kwa hivyo kile kiunganishi cha pini mbili kitie mkobani. Angalia pia kwamba hedifoni inafanya kazi kwa waya betri ikiisha, si zote. Power bank iwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Na wakati wa kutua, ukiwa umeziba kwa sponji, toa: hewa inabadilika, na sikio lililozibwa kwa nje huku pua imebana ndani ni mateso niliyoyapata mara moja tu.

Ile ya pili ilikuja, kubwa, ya rangi ya kijivu, mito inabanduka. Nilikaa nayo siku nne.

Siku ya tano mamangu, ambaye chumba chake ndicho kilicho juu ya jenereta hasa, aliniuliza kile kitu kinafanya nini. Nikamvisha, bila muziki, nikawasha kitufe. Akanyamaza. Akatazama dirishani, akatazama sakafu, akaweka mkono ukutani kuhakikisha ukuta bado unatetemeka. "Imezimwa?" Nikamwambia la, mama, inaendelea, vua usikie. Akavua, akavaa. Akavua, akavaa. Kisha akasema, "Haya mwanangu, kazi njema," akaenda kulala nayo, na ndiyo mara ya mwisho niliyoihesabu kuwa yangu. Akilala nayo hasikilizi kitu. Qur'ani huisikiliza redioni, kama alivyozoea. Hedifoni huivaa kwa ajili ya kutosikia.

Juma lililopita nimetoka Kongowea na samaki mkononi, jua la saa saba, nikakuta mlango umefungwa kwa ndani. Hodi. Hodi mama. Nikagonga mpaka fundi seremala akazima msumeno kwa huruma. Nikapiga simu yake, nikaisikia ikilia mezani, upande wa pili wa ukuta. Jirani akafungua dirisha kunitazama. Samaki wakaanza kunuka.

Kisha nikakumbuka. Chumba chake kiko hatua nne kutoka mlangoni. Nikatoa simu, nikafungua Bluetooth, nikaliona jina la hedifoni yangu, nikaligusa. Ikaandika: imeunganishwa. Faili la kwanza lililokuwa wazi lilikuwa la yule mzee wangu wa Kilifi, maana mtafiti alikuwa ameniomba niipitie upya sehemu ya pili. Nikapandisha sauti kidogo, kidogo tu, nikabonyeza.

Kimya. Kisha kitanda kikalia, kandambili zikaburutwa, na sauti ya mamangu ikaja kutoka ndani, kali:

"Nani huyu aniuliza bei ya korosho?"

"Fungua, mama. Ni mimi."

"Hebu ngoja amalize."

Nikabaki nje na samaki wangu.